Hatua ya Imani Juu ya Bonde la Kerio

Wiki hii naomba tutoke Kinoo kidogo. Ukipanda gari hapa barabarani ukafuata njia ya Nakuru, ukapita Eldoret, utafika Iten, ule mji wa wakimbiaji, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Wengi tunaijua Iten kwa sababu ya mbio. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi, wakati kumekauka, kuna wageni wengine wanaofika pale, na hawakuja kukimbia. Wamekuja kuruka. Wanasimama ukingoni, pale ardhi inapokatika na kushuka zaidi ya mita elfu moja hadi Bonde la Kerio. Wanatandaza kitambaa nyuma yao kama shuka la kuanikwa, wanakimbia hatua chache, na ardhi inawaacha.

Chombo hicho kinaitwa paraglaida. Hakina injini, hakina chuma cha kushikilia mbawa. Ni kitambaa, kamba nyembamba nyingi, na kiti ambacho rubani amejifunga ndani yake. Akimaliza kuruka anakikunja, anakibeba mgongoni kama mtoto wa shule na begi lake.

Kwa nini mchungaji anaandika habari za paraglaida kwenye jarida la mahubiri? Kwa sababu kuna neno tunalipenda sana sisi watu wa kanisa: hatua ya imani. Ruka, ndugu. Toka kwa mashua. Acha kazi, chukua mkopo, lipia duka, Mungu ataonekana. Na yule aliyeruka akafika, tunampa kipaza sauti. Swali langu ni moja. Mtu akiruka akafika salama, je, kufika kwake kunathibitisha kwamba alifanya vizuri kuruka? Na yule aliyeruka akaanguka, kuanguka kwake kunathibitisha kwamba hakuwa na imani?

Nimeona hawa watu wa Iten wanaweza kutusaidia kufikiri, kwa sababu kazi yao yote ni hatua za aina hiyo, na kwao kosa si hesabu ya pesa tu.

Hebu tuelewe kwanza inavyofanya kazi. Hewa ikiwa imetulia, paraglaida inashuka karibu mita moja kila sekunde. Kwa hivyo mtu akiruka Iten asipopata kitu cha kumwinua, baada ya dakika kumi na tano au ishirini hivi ako chini bondeni, ametua, anatafuta bodaboda. Lakini kuna wanaokaa huko juu saa tano, saa sita, na kuvuka kilomita mia na zaidi. Siri ni jua. Ukuta ule wa Elgeyo unatazama mashariki, kwa hivyo jua la asubuhi linaupiga moja kwa moja. Mawe yanapata moto, hewa iliyo karibu nayo inapata moto, inakuwa nyepesi, inapanda. Huwezi kuiona. Ila tai anaiona, au tuseme anaihisi, ndiyo maana unamwona anazunguka bila kupiga bawa hata mara moja. Rubani naye anaingia humo, anazunguka. Ana kifaa kidogo kinacholia pi-pi-pi akipanda, na kadiri anavyopanda kwa kasi ndivyo mlio unavyoharakisha.

Hiyo sehemu ya kwanza bado ni rahisi. Ugumu uko kwa kuondoka. Ukizunguka ndani ya hewa moto ya Iten mchana kutwa, utakuwa juu sana, lakini bado uko Iten. Anayetaka kwenda mbali lazima aache kile kinachomwinua, aelekee mahali ambapo hajui kama kuna kingine. Kila mita elfu moja alizonazo zinamnunulia mwendo wa kilomita nane hivi, wakati mwingine kidogo zaidi, na njia nzima anashuka. Akikuta hewa inayopanda, anaanza tena. Asipoikuta, ndiyo hivyo, anatua.

Sasa fikiria mgeni ambaye hajawahi kuona milima hiyo. Anaelekea kaskazini akifuata ukuta, kuelekea Tot, ambako milima ya Cherangani inapanda kupita mita 3,000. Kulia kwake kuna bonde lote, na ng'ambo ni vilima vya Tugen. Ramani anayo. Lakini ramani inaonyesha mlima, haionyeshi hewa iliyo nyuma ya mlima. Upepo ukivuka mgongo wa mlima, upande wa pili unaporomoka na kujizungusha, kama maji ya mto nyuma ya jiwe kubwa. Ukiingia pale, kile kitambaa kinaweza kujikunja ukiwa bado hewani. Kuna miti ya miiba, kuna waya za stima, kuna mabonde madogo yasiyo na barabara. Kufika saa nane mchana mawingu yameanza kunona.

Nilisoma biashara chuoni kabla ya kuitwa kwenye huduma, na kuna mtu mmoja tuliyefundishwa, mwanauchumi wa Marekani anayeitwa Frank Knight, aliyeandika kitabu mwaka wa 1921 akitenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya. Kuna hatari unayoweza kuihesabu, kama kampuni ya bima inavyohesabu ni nyumba ngapi huungua kwa mwaka. Halafu kuna kutojua kabisa, ambako hakuna hesabu ya kupiga. Mtu wa Iten anayeruka juu ya Iten kila wiki ana hatari ya aina ya kwanza. Mgeni anayekaribia Cherangani ana ile ya pili. Na nikiangalia maisha ya wengi wetu hapa, kuanzia Uthiru mpaka Muthiga, mambo makubwa tunayoamua ni ya aina ya pili. Kuoa. Kwenda Saudia. Kufungua biashara ambayo hakuna mtu wa ukoo wako amewahi kufanya. Huwezi kusema nasubiri nijue kila kitu. Utasubiri mpaka uzeeke.

Kwa hivyo sisemi watu wasiruke. Yule mtumishi wa Mathayo 25 aliyechimba shimo akazika talanta hakusifiwa kwa uangalifu wake.

Tarehe 14 Februari 2007, huko Australia, marubani wa paraglaida walikuwa wakifanya mazoezi karibu na mji wa Manilla kabla ya mashindano ya dunia. Mawingu ya radi yakajikusanya. Wawili kati yao wakanaswa. Mmoja alikuwa Ewa Wiśnierska, mwanamke wa timu ya Ujerumani. Mwingine alikuwa He Zhongpin, mwanamume kutoka Uchina. Wingu la radi huvuta hewa kwenda juu kwa nguvu ambayo hakuna kitambaa kinaweza kushindana nayo. Ewa alivutwa mpaka mita 9,946. Mlima Everest una mita 8,849, kwa hivyo mwenzangu, fanya hesabu. Alikuwa ndani ya barafu na giza, oksijeni haitoshi, akapoteza fahamu kwa zaidi ya nusu saa. Paraglaida yake ikaendelea kupaa yenyewe, hakuna mtu wa kuiongoza. Alipozinduka alikuwa ameanza kushuka, akatua akiwa hai, mwili umepigwa na baridi. He Zhongpin alikufa katika dhoruba hiyo hiyo.

Wingu moja. Siku moja. Wote wawili ni mabingwa wa kazi yao. Na ule wakati mambo yalipoamuliwa, Ewa hakuwa na fahamu. Hakuna ujuzi wake wowote uliomwokoa. Hadithi yake ilienea dunia nzima na inasimuliwa mpaka leo. Ni wangapi kati yetu tumewahi kusikia jina la He Zhongpin? Na walioona wingu mapema wakashuka, wakala chakula cha jioni wakalala, wao hawana hadithi kabisa. Nani atamhoji mtu kwa sababu alikula chakula cha jioni?

Sasa turudi kanisani. Jumapili ya ushuhuda dada anasimama anasema: sikuwa na hata shilingi, nikaacha kazi kwa imani, leo nina wafanyakazi sita. Tunapiga makofi, na tunafanya vizuri, maana furahini pamoja na wanaofurahi ni agizo. Lakini angalia kiti cha nyuma. Kuna ndugu ameketi pale aliyefanya kitu kile kile. Aliacha kazi, alifunga, aliomba, alitoa. Duka likafungwa baada ya miezi minane, na sasa anadaiwa na Sacco, na watu waliomdhamini hawamsalimii. Kila ushuhuda kwake ni kama mtu anamuuliza: wewe ulikosea wapi? Wengine wamehama kanisa kwa sababu hiyo. Hawakukosana na mtu, walichoka tu kupiga makofi.

Fungua Matendo 12. Herode anamuua Yakobo kwa upanga. Kisha anamkamata Petro, na usiku ule kabla ya kuletwa mbele ya watu, malaika anaingia gerezani, minyororo inaanguka, mlango wa chuma unafunguka wenyewe. Petro anaenda kugonga kwa Mariamu mama yake Yohana Marko, na Roda kwa furaha anasahau hata kufungua. Ushuhuda mkubwa huo. Lakini Yakobo alikuwa na mama. Ni yule mke wa Zebedayo aliyemwendea Yesu akiomba wanawe wawili wakae kulia na kushoto kwake. Kama alikuwa bado hai wiki ile Yerusalemu, alisikiaje habari za Petro? Luka hasemi mahali popote kwamba Yakobo alipungukiwa imani. Hasemi kwamba Petro aliomba kwa ustadi zaidi. Kwa kweli Petro alikuwa amelala usingizi, ikabidi malaika ampige ubavuni.

Waebrania 11 nayo tunaipenda, lakini mara nyingi tunaishia katikati ya mstari wa 35. Mstari wa 34 unataja walioepuka makali ya upanga. Mstari wa 37 unataja waliouawa kwa upanga. Sura moja, imani moja, upanga ule ule.

Najua kuna atakayeniambia: Pasta, unazima moto. Ushuhuda hujenga watu. Ufunuo 12:11 unasema walimshinda yule mshitaki kwa neno la ushuhuda wao. Ni kweli, na siwezi kulifuta hilo hata nikitaka. Lakini mpendwa, malizia mstari. Hao mashahidi walioshinda wanasifiwa kwa kutoyapenda maisha yao hata kufa. Ushuhuda wa hapo unawahusu pia watu ambao hawakurudi kusimulia.

Basi kama matokeo hayatoshi kutuambia nani aliamua vizuri, tutaangalia nini? Marubani wana jibu lao, nami naliona ni la haki. Wanaangalia alichojua, na alichoweza kujua, kabla ya kuondoka. Aliona yale mawingu? Aliuliza wenyeji upepo wa mchana hutoka wapi? Na la muhimu kuliko yote: alipoacha hewa iliyomwinua, alikuwa na mahali pa kutua panapofikika? Rubani mzuri juu ya milima asiyoijua huwa amechagua shamba la kutua hata wakati anapanda. Anaenda mbele, lakini jicho moja liko kwa uwanja wa shule pale chini. Akivuka uwanja ule, ameshachagua mwingine. Hiyo haimfanyi mwoga. Anaweza kwenda kilomita mia hivyo.

Shadraka, Meshaki na Abednego waliamua namna hiyo, kwa njia yao. Walimwambia mfalme Mungu wao anaweza kuwatoa motoni, na kwamba hata asipowatoa, hawatainama. Uamuzi wao ulikuwa umeshakuwa sawa kabla tanuru halijafunguliwa. Wangeungua, ungebaki sawa.

Linganisha na ile sauti ya Mathayo 4, pale juu ya hekalu. Jitupe chini, malaika watakushika. Sauti ile ilikuwa na andiko mkononi, Zaburi ya 91, na ilikuwa imesimama mahali salama ikimwambia mwingine aruke. Yesu alikataa, na sijasikia mtu akisema alikosa imani siku hiyo. Nikisikia mtu anamwambia mjane apeleke pesa ya kodi ya nyumba madhabahuni na Mungu atamrudishia mara mia, mimi huuliza kitu kimoja: aliyesema hivyo, yeye amejifunga kwenye kiti?

Hapo ndipo pana jambo ambalo nadhani ni zito kuliko yote, na hatulisemi vya kutosha. Kuna kuruka peke yako, na kuna kuruka wawili: abiria amefungwa mbele ya rubani, hana kamba yoyote mkononi, rubani akikosea wanaanguka pamoja. Rubani wa namna hii mwenye akili haendi pale ambapo angeenda akiwa peke yake. Anachagua asubuhi iliyotulia, anakaa karibu na uwanja wa kutua, na kabla ya hatua ya kwanza anamuuliza abiria: uko tayari? Abiria akisema hapana, hawaruki.

Wengi wetu tunaofanya hatua ya imani hatuko peke yetu kwenye kiti. Baba anachukua mkopo kwa mashailoki, anaweka logbuku ya pikapu ambayo ndiyo karo ya watoto. Mama anaenda Ghuba kwa miaka miwili, mtoto wa miaka mitatu anaachwa kwa shosho aliye na presha. Pengine ni uamuzi mzuri. Pengine hakuna njia nyingine, na Mungu anajua. Lakini abiria aliulizwa? Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inataka mwenzi akubali kabla nyumba ya ndoa kuwekwa dhamana. Bunge liliona hilo. Na bado nimeketi na wake ambao walijua kuna mkopo siku dalali alipogonga geti. Mwanamume akasema, nilikuwa natembea kwa imani. Sawa, imani yake. Ya mke ilikuwa wapi? Hata mkopo ule ungelipika, hata wangekuwa leo na plot mbili Gitaru na ushuhuda wa kutetemesha kanisa, bado kulikuwa na mtu aliyerushwa kutoka mlimani bila kuulizwa. Kufika salama hakufuti hilo.

Mtoto wa miaka mitatu naye huwezi kumuuliza. Ndiyo maana anayembeba anapaswa kuruka chini zaidi.

Kuna mtego mwingine ambao kwa biashara tunaufahamu: pesa iliyokwisha kutumika. Rubani amekuwa hewani saa nne. Ameshuka sana, uwanja mzuri uko chini yake, mbele kuna korongo. Akili inamwambia tua. Lakini zile kilomita alizokwisha kuenda zinamvuta: umefika mbali hivi, utakubali kuishia hapa? Zile kilomita zimeshaenda. Hazimsaidii kuvuka korongo. Ni kama mwenye duka anayeongeza mkopo wa tatu ili ile miwili ya kwanza isiwe ilipotea bure.

Mwanzoni mwa 2013 kundi kubwa la marubani kutoka nchi nyingi lilipanda Kilimanjaro na paraglaida, wakitaka kuruka kutoka kileleni, mita 5,895, na kuchangisha pesa za misaada. Fikiria maandalizi: nauli, vibali, wapagazi, wafadhili walioahidi pesa, jamaa nyumbani wanaosubiri picha. Hali ya hewa ikakataa. Karibu wote walishuka kwa miguu, kitambaa kimekunjwa mgongoni. Sijui kama kuna kanisa lingewapigia makofi. Mimi ningewapigia.

Na kutua njiani si kaburi. Anayetua katika Bonde la Kerio kabla ya alikotaka kufika hukuta watoto wamekuja mbio kabla hata kitambaa hakijalala. Watamsaidia kukunja, watamcheka kidogo, mtu atamwonyesha kivuli cha mwembe, na bodaboda ya kumrudisha juu itapatikana, bei ni kuelewana. Kesho kuna jua tena.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ni ya shuhuda kama kawaida. Nimeomba nafasi mbili ziwekwe kwa waliotua njiani: aliyefunga biashara deni likiwa bado dogo, aliyerudi kutoka Doha na sanduku moja, aliyekataa kuweka sahihi mume akakasirika. Dakika ni tano, kama za wengine. Ukitaka nafasi, mpe shemasi wa mlangoni jina lako kabla ya ibada ya pili. Na kama mambo yako bado hayajakaa sawa, njoo hivyo hivyo, usingoje yaishe.